Mwaka Niliomfundisha Mwasiti Kuzungumza

Mama Ndahani tulimzika Jumamosi, pale pale Zuzu, na baada ya mazishi watu wakaanza kutoa neno, mmoja baada ya mwingine. Alisimama mchungaji, akasimama shemeji wa marehemu, akasimama mwenyekiti wa mtaa. Kisha Ndahani, mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye aliyenipigia simu Songea kunipa habari, akasema kwamba mama yake alilea watoto watano wa kuwazaa na wengine wengi wa vyumba vya kupanga, na kwamba mmoja wa hao wapangaji angesema kwa niaba ya wenzake. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, miguu nimeikunja, nikamwona mwanamke mrefu mwenye ushungi wa kijivu akiinuka upande wa pili. Nilimjua kabla hajageuka. Ilikuwa imepita miaka kumi na saba. Mwasiti alizungumza muda mrefu, bila karatasi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliwachekesha watu penye kuchekesha, akawaliza penye kuliza, na muda wote huo mimi niliinamisha kichwa nikiangalia vidole vya miguu yangu. Mama mmoja kando yangu alidhani nalia, akanishika bega. Sikuwa nalia. Niliogopa kumtazama Mwasiti akizungumza, na sababu ya kuogopa huko ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, maana imenichukua karibu nusu ya umri wangu kuielewa.

Nyumba ya Mama Ndahani siku hizi ina ukuta wa tofali na geti la chuma, na ng'ambo ya reli zimeota nyumba za watumishi wa serikali zenye mapaa ya rangi. Tulipokuwa wanafunzi ilikuwa nyumba ya vyumba sita iliyosimama peke yake kwenye uwanda wa upepo, miiba na mbuzi. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa, na mwaka wetu wa pili wengi tulitawanyika kutafuta vyumba. Mimi na Mwasiti hatukuchaguana. Tulifika siku moja, kila mmoja na begi lake, chumba kilichobaki kilikuwa kimoja, tukabaki tumesimama mlangoni. Mama Ndahani alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Mbukwenyi, wanangu," akatuamkia kwa Kigogo. "Mbona mnatazamana kama majogoo? Vitanda ni viwili. Ingieni." Tukaingia. Kilikuwa chumba cha sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, dirisha moja la wavu, na juu hakikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya kenchi, hivyo neno lililosemwa chumba cha tatu lilipanda, likavuka, likatudondokea sisi vitandani. Tulijua nani amegombana na mchumba wake, nani anasali sala ndefu, nani anakula mkate peke yake akidhani hasikiki. Bati lililia asubuhi kwa baridi, likalia tena mchana kwa joto. Nimeishi kwenye nyumba nzuri baada ya hapo, zenye dari na vigae, lakini nikiota nyumba, naota ile.

Mwasiti alitoka Haubi, huko kwenye milima ya Kondoa, akisomea kufundisha jiografia. Mimi nilisomea kufundisha Kiswahili. Kwa majuma mawili ya kwanza nilimsikia akitamka maneno matatu: ndiyo, hapana, asante. Hakuwa na kiburi. Alinikunjia nguo zangu zilizokauka kambani, alinibakizia maji ya kuoga siku ambazo bomba lilikatika, na mimi mtu wa Songea ambaye nilikuwa sijawahi kula mlenda, ni yeye aliyenionyesha, bila kusema neno, namna ya kulizungusha tonge ili utelezi usidondokee gauni. Alikula akiwa ametazama sahani. Mtu akimwuliza jambo, shingo yake iliingia mabegani kama ya kobe, na jibu likatoka fupi kabisa. Nilizoea kuongea naye kama mtu anavyoongea na redio, na nakumbuka kwamba jambo hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa kijana niliyependa kujibiwa.

Muhula ule tulianza somo la saikolojia. Mhadhiri wetu alikuwa mama mfupi mwenye sauti kavu, tuliyemwita Dakta tu. Alitufundisha kwamba tabia yenye malipo hurudi, na isiyo na malipo hufifia kama moto usiochochewa. "Na malipo siyo lazima yawe pipi," alisema. "Mtoto akilia, mama yake akageuka kumtazama, mtoto huyo ameshalipwa." Mwenzetu mmoja akamwuliza kuhusu fimbo, maana wote tulikuwa tumepigwa shuleni na wote tulikuwa tunaelekea kupewa fimbo hiyo mkononi. Dakta alisubiri mpaka tukatulia. "Adhabu inamwambia mtu asifanye nini. Haimwambii afanye nini. Ndiyo maana aliyeadhibiwa sana huishia kutofanya chochote." Nilimfikiria mwenzangu wa chumba, na nilipata msisimko ule wa mwanafunzi anayeona somo limetembea likatoka ubaoni. Wiki hiyo hiyo tukapewa kazi. Kila mmoja achague mtu mmoja na tabia moja anayotaka ikue. Kwa majuma nane amlipe mtu huyo kila tabia inapojitokeza, bila adhabu yoyote, na aandike kila kitu kwenye daftari. Dakta alirudia mara mbili sharti la kwanza: mtu wetu aelezwe, akubali, na aweke sahihi kwenye fomu kabla hatujaanza.

Fomu niliiweka kwenye begi nikiwa na nia njema ya kumweleza Mwasiti jioni. Jioni hiyo alirudi amechelewa, akakaa kitandani na viatu vyake, na kwa mara ya kwanza akaniambia sentensi nzima bila kuulizwa. "Wamesema nisiposimama kuwasilisha mwisho wa muhula, nitadisko." Kudisko, kwa lugha yetu ya chuo, kulikuwa kufukuzwa masomo. Nikamwambia, "Utasimama." Akasema, "Siwezi, Otilia," akageukia ukuta. Ningemwambia wakati ule. Ningemwambia, nina dawa hapa, tuijaribu wote wawili. Lakini nilijiambia kwamba akijua ataona haya, na akiona haya atanyamaza zaidi, na kazi yangu itaharibika, na yeye ataharibikiwa zaidi. Asubuhi yake, kwenye benchi la nje ya ukumbi, niliandika M. Issa penye sahihi yake kwa mwandiko wa kulala, nikapeleka fomu. Nilikuwa na sababu mbili, ya kumsaidia na ya kupata alama, na hadi leo sijui ipi ilishika kalamu.

Nilianza na vitu vidogo. Mwasiti akisema neno lolote zaidi ya yale matatu, niliweka kitabu chini, nikageuza uso wangu wote kwake, nikasema "enhe." Akinyamaza, nilirudi kwenye kitabu. Juma la pili "enhe" nikaitoa kwa sentensi tu. Juma la tatu kwa habari yenye mwanzo na mwisho. Nilikuwa na jiko la mchina la mafuta ya taa, la tambi sita, na chai ya tangawizi niliibandika kila alipoanza kusimulia, kamwe siyo kabla. Ulikuwa msimu wa zabibu. Nilinunua kishada, nikakiweka kwenye sahani upande wangu wa meza, na sahani ikawa inasogea kuelekea kwake kadiri anavyozungumza. "Sahani hii inanipenda," alisema siku moja, akacheka, na mimi nikacheka naye, moyo ukinidunda kama wa mwizi. Wala sikuwa na shida ya kujilazimisha kumsikiliza. Jambo ambalo Dakta hakutufundisha ni kwamba yule anayelipa naye hulipwa. Mwasiti alikuwa na macho ya kuona vitu. Aliweza kuniigizia mbuzi wa Mama Ndahani mmoja mmoja, yupi ana wivu, yupi ana deni la dhambi. Nilianza kutembea haraka kutoka chuo nikiwahi nyumbani, na nilijidanganya kwamba nawahi daftari.

Jioni moja ya juma la tatu, akichambua mchicha kwenye ungo, alinieleza alikoanzia kunyamaza. "Darasa la tatu tulikuwa na mwalimu mmoja," alisema. "Ukikosea jibu unapanda juu ya dawati, darasa zima wanakuzomea mpaka yeye aseme basi. Sisi nyumbani tulisema Kirangi. Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilipanda dawati mara nne." Nikauliza, "Na mara ya tano?" Akatupa kikonyo cha mchicha nje ya dirisha. "Mara ya tano aliponiuliza, nikanyamaza. Akasubiri, akaona haya mwenyewe, akamwuliza mwingine. Nikaona, kumbe." "Kumbe nini?" "Kumbe ukinyamaza, hupandi." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja mahali alipojifunza kuogelea. Alipotoka kwenda kutia udhu, niliandika: sentensi kumi na mbili bila kusitasita. Niliandika na idadi ya sentensi nilizouliza mimi, ili zisihesabiwe kwake. Ninapokumbuka kwamba nilikuwa na makini ya namna hiyo siku ile, huwa napenda kutoka nje nipunge hewa.

Juma la tano lilikuwa ndilo gumu kwenye mpango wangu, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba juma hilo sitamwanza kwa neno. Yeye ndiye atakayefungua mazungumzo, nami nitamlipa kwa wingi. Jumatano ya juma hilo alirudi mchana, akakaa ukingoni mwa kitanda. Macho yalikuwa mekundu. Simu yake ilikuwa mkononi na aliishika kama kitu kilichovunjika. Nilimwona. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, kitabu kimefunguka mapajani, na kila kitu ndani yangu kilitaka kusema, Mwasiti, kuna nini? Nikajiambia, ukimwuliza sasa utakuwa umemlipa kwa kunyamaza, na majuma manne yatapotea. Subiri. Atasema mwenyewe, na atakuwa ameshinda. Nikageuza ukurasa. Alikaa vile mpaka alasiri, akaswali, akalala bila kula. Mimi nilikula mlenda peke yangu, na kabla sijalala niliandika mstari mmoja: Kimya tangu mchana. Sikumwuliza.

Kesho yake nilikuwa chumbani nikijiandaa niliposikia sauti zikivuka juu ya ukuta kutoka jikoni kwa Mama Ndahani. "Bibi yangu amefariki," Mwasiti alisema. "Wamemzika jana. Hawakunisubiri." Nikasikia mwiko ukiwekwa chini. "Yule aliyekulea?" "Ndiye."  Mama Ndahani alisema, "Njoo hapa, mwanangu, njoo," na nikasikia wanawake wawili wakilia, mmoja kwa sauti nene na mwingine nyembamba, na mimi nimesimama katikati ya chumba na kiatu kimoja mguuni. Baada ya muda Mama Ndahani aliuliza, "Otilia umemwambia?" Mwasiti akajibu, "Otilia alikuwa anasoma sana jana. Nilidhani amechoka. Nisingependa kumsumbua, ni mtu anayenisikiliza kuliko ndugu yangu." Nilikwenda nikampa pole. Alinipokea kwa mikono miwili. Alinifariji mimi, kwa kweli, maana nililia kuliko yeye, na alidhani namlilia bibi yake.

Baada ya hapo ningeacha. Sikuacha, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Juma la saba Mwasiti aliuliza swali kwenye semina, swali la kwanza tangu aingie chuo, na la nane akasimama kuwasilisha. Niliomba ruhusa kwenye somo langu nikaenda kukaa nyuma kabisa. Mada yake ilikuwa mmomonyoko wa udongo, na wenzake wote walikuwa wamesoma kutoka kwenye karatasi. Yeye aliiweka karatasi chini. Alisema walipokuwa watoto mvua moja ilinyesha wakiwa darasani, asubuhi walitoka nyumbani njia ipo, jioni waliporudi njia haipo, kuna korongo, na mama zao wamesimama upande wa pili wakiwapungia mikono. "Tulilala kwa watu siku mbili," alisema, "tukiwaona mama zetu wakipika." Darasa lilikuwa kimya, lakini ukimya wa namna nyingine. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Kabla hajaanza kila sehemu mpya alinitafuta kwa macho kule nyuma, akanipata, akaendelea. Walipompigia makofi, nilipiga mpaka viganja vikawaka. Mama Ndahani alituchinjia kuku siku ile, tukala uani jua likiwa bado lipo, watatu kwenye sinia moja, na Mwasiti aliongea mpaka ugali ukapoa. Nimewahi kufurahi tangu siku hiyo. Nimeolewa, nimezaa. Lakini furaha isiyo na kitu kingine pembeni yake, ya kukaa tu na watu wawili na sinia, nadhani ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Daftari nilikuwa nimeshalipeleka, likarudi na alama za juu na maneno ya pongezi. Nililiweka chini ya godoro. Siku chache baadaye Mwasiti alikutana na Dakta kwenye ngazi za maktaba. Mtu akamwita Mwasiti kwa jina, na Dakta akasimama. "Wewe ndiye Mwasiti Issa? Nilikuwa nataka kukushukuru. Si wengi wanaokubali kuchunguzwa na rafiki na kuandikwa daftarini." Haya alinieleza Mwasiti mwenyewe, neno kwa neno, akiwa amesimama mlangoni, mimi nikisonga ugali. Kisha akasema, "Naomba nilione hilo daftari." Nilijua anasema nini. Nilizima jiko, nikainua godoro, nikampa. Alikaa kitandani kwake akasoma kuanzia jalada hadi mwisho, bila haraka, akilowesha kidole kila alipofunua ukurasa. Ugali ulijikunja ukingoni mwa sufuria. Sijui ilichukua muda gani.

"Hii sahihi ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

Akarudi nyuma kurasa kadhaa. "Na hapa. Jumatano. 'Kimya tangu mchana. Sikumwuliza.'" Alisoma maneno yale kwa sauti ile ile aliyosomea mengine. "Kwa hiyo uliniona."

"Nilikuona."

"Mimi nilidhani hukuniona," alisema. "Majuma yote haya nimekuwa nikijiambia, Otilia hakuniona, alikuwa anasoma." Alilifunga daftari, akaliweka kitandani kwangu, akalinyoosha pembe iliyokunjika. Nilianza kueleza. Nilisema kuhusu kudisko, kuhusu makofi, kuhusu yeye alivyokuwa na alivyo sasa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Ni kweli, nazungumza sasa," alisema. "Asante." Na hilo lilikuwa moja ya yale maneno matatu.

Miezi mitatu iliyobaki ya mwaka ule tuliishi chumba kimoja. Wengine hawakugundua chochote. Mwasiti aliongea na kila mtu, uani kicheko chake kilivuka kuta zote sita, na nilipoingia hakukatiza, alipunguza tu, kama mtu anavyopunguza taa. Kwangu alikuwa na adabu kamili. Nilimchotea maji, akashukuru, akaenda kuchota ya kwake. Nilibandika chai ya tangawizi, akasema amefunga, na kweli alikuwa amefunga. Mwishowe nilikwenda kwa Dakta nikamweleza habari ya sahihi. Alinisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi, akafuta alama zangu mbele yangu, akaandika sifuri. "Sifuri hii haitakufundisha kitu," alisema kwa ile sauti yake kavu, "lakini lazima niiandike." Nilirudi mbio Zuzu nikamwambia Mwasiti kwamba nimeungama, kwamba nitarudia somo. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Sawa, Otilia." Nikasimama pale nikisubiri, na ilinichukua muda kutambua kwamba nasubiri malipo. Mitihani ilipokwisha alimuaga Mama Ndahani kwa machozi, akanipa mkono, akapanda basi la Kondoa. Mwaka wa tatu alipata nafasi hosteli. Tulionana kwa mbali, tukapungiana, kama wale mama wa korongo.

Dakta alisema kweli kuhusu ile sifuri. Lakini kunyimwa sauti ya Mwasiti kulinifundisha, isipokuwa kulinifundisha sivyo. Mtu aliyeungua na uji wa moto hupuliza hata maji ya mtungini. Nimefundisha miaka kumi na mitano, na shuleni kwangu najulikana kama mwalimu asiyeshika fimbo na asiyesifia. Mwanafunzi akifanya vizuri, namwandikia alama, basi. Nikitaka kumwambia amefanya vyema, nasikia kalamu ikitembea kwenye karatasi. Binti yangu alipokuwa na miaka sita alinichorea nyumba yetu na mimi mlangoni. Nikasema, "Nimeiona." Akaichukua akampelekea baba yake. Usiku mume wangu aliniuliza, bila ugomvi, kwa nini namnyima mtoto kitu kisichogharimu, na kumjibu kungetaka nimweleze mwaka mzima wa Zuzu. Ndivyo nilivyofika msibani, na ndivyo nilivyoinamisha kichwa Mwasiti aliposimama. Niliamini kwamba macho yangu yana kosa, na kwamba heshima pekee niliyobaki nayo kwake ni kutomtazama.

Baada ya watu kula, wanawake tuligawana kazi, nami nikaangukia masufuria nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeinamia la kwanza na mchanga na jivu mkononi, mtu akachuchumaa upande wa pili, akakunja mikono ya gauni. "Shemeji yake Ndahani ameniambia kuna mtu wa Songea huku," Mwasiti alisema. Tukasalimiana. Tuliulizana watoto: yeye wawili, mimi mmoja. Yeye sasa ni mkuu wa shule huko Kondoa. Tukahamia sufuria la pili. Kisha akasema, "Nilipokuwa nazungumza uliangalia chini."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Utadhani bado naandika."

Aliacha kusugua. Nilitegemea acheke au aondoke. "Unajua nilikutafuta?" alisema. "Pale niliposimama. Nimesimama mbele ya watu wengi kuliko wale, wazazi, maafisa, sitafuti mtu. Leo nikakutafuta, macho yako sikuyapata, nikapoteza neno nililotaka kusema juu ya Mama. Nikasema jingine."

"Nisamehe."

"La leo au la zamani?"

"Yote."

Alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri zamani kabla ya kusema, ila sasa bila hofu ndani yake. "Sahihi nilishaisahau. Na wanafunzi wangu wasiosema nawafanyia vile vile ulivyonifanyia, na zabibu nawapa. Ila nawaambia kwanza, basi." Akanimiminia maji kwenye sufuria. "Lakini ile Jumatano, hapana, Otilia. Hiyo bado ipo. Nimejaribu, haiondoki."

Sikumwomba aiondoe. Kulikuwa na upepo, na akina mama wengine walikuwa wakiimba polepole ndani, nyimbo za kanisani za Kigogo ambazo wote wawili tulikuwa tumezijua kwa kuzisikia juu ya ukuta. Niliinua macho, nikamtazama usoni, mvi mbili tatu zikichungulia chini ya ushungi, na nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza nikiwa na kitabu mapajani. "Bibi yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwasiti alifuta mikono kwenye gauni lake. Alivuta kigoda, akakaa.

"Alikuwa mkali," alisema. "Mfupi, mkali, na alikuwa hapendi wanaume wanaoimba. Sasa subiri nikueleze jinsi alivyoolewa." Nilikaa chini, kwenye mchanga, nikamtazama. Masufuria yalibaki matano. Ndahani alikuja mara mbili kututafuta, akatukuta, akarudi zake, na bibi alikuwa bado hajafika kwa mumewe.